Heri Aniulizaye Nafanya Kazi Gani

Watu wamesifu vitu vya ajabu duniani. Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimtungia nzi sifa nzima, na nzi hajawahi kumfaa mtu isipokuwa kwa kumwamsha asubuhi. Sioni basi kwa nini nione haya kulisifu swali ninalokutana nalo kila siku ya Mungu, kuanzia stendi ya Misuna hadi mlangoni kwangu Mandewa: "Hivi wewe unafanya kazi gani?"

Nafasiri maneno ya programu za simu. Yale maandishi madogo unayobonyeza bila kuyatazama: Sawa, Ghairi, Endelea, Mipangilio. Kuna mtu aliyekaa akaamua kwamba mahali fulani paandikwe Ghairi na si Futa, maana aliyeghairi amebadili nia tu, ila aliyefuta amepoteza picha za harusi. Siku nyingine mtu huyo ni mimi, ndani ya chumba kimoja, dirisha nimelifunga kwa sababu ya upepo wetu, nalipwa kwa neno. Wewe msomaji umeshanielewa. Ana kwa ana sijawahi kueleweka hata mara moja.

Singida Mjini si mahali pa kuwa na kazi kama yangu. Hapa kazi huonekana, tena hunuka. Mwenye kinu cha alizeti hana haja ya kujieleza: magunia yako nje, mashudu yamerundikwa, na harufu ya mafuta imeingia hadi kwenye shati la kanisani. Muuza kuku wa kienyeji ana tenga, na tenga lenyewe linamsemea. Mponda kokoto amekaa juu ya ushahidi wake. Katikati ya watu hao natoka mimi saa nne asubuhi, kandambili miguuni, mikono mitupu, naelekea kununua vitumbua. Jirani ananiambia, "Pole na kazi," huku macho yake yakinizunguka kuitafuta hiyo kazi nimeiweka wapi.

Sasa nilisifu swali lenyewe. Kwanza, limetoka katika ukoo mkubwa. Kwenye posa, mshenga haulizwi kijana anapenda nini wala anacheka vipi. Anaulizwa anafanya kazi gani, na jibu likichelewa, chai inapoa. Swali hili limewahi hata kutembea na mgambo. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na Dar es Salaam mtu aliyekutwa mtaani bila kitambulisho cha kazi aliweza kukamatwa kama mzururaji na kupelekwa shamba. Baba yangu mdogo alikuwa huko, mpiga picha wa kutembea. Siku waliyomsimamisha, kamera ilikuwa kwa fundi. Anasema alijieleza vizuri sana, na aliendelea kujieleza ndani ya lori mpaka Morogoro.

Nikilikumbuka lori lile, naona jinsi swali lilivyostaarabika. Siku hizi naulizwa na mzee mwenye kikombe cha kahawa mkononi, na nikishindwa kujibu naongezewa kashata.

Pili, ni swali karimu. Hakuna aliyeniuliza akaniacha bila kazi. Asipoielewa yangu, hunipa nyingine hapo hapo. Nimekuwa fundi simu, nikaletewa simu zilizopasuka vioo, na mbili kati ya hizo, sijui kwa baraka ya nani, zilipona. Nimekuwa mwandishi wa habari, nikaombwa niitaje barabara ya mtaa. Cheo nilichokifaidi zaidi ni cha mtu wa usalama. Nilikanusha, na kukanusha kwenyewe kukawa ndiyo ithibati: kwa miezi miwili mwenye duka alinikopesha bila hata kufungua daftari. Kisha mtu akamnong'oneza kwamba anayeshinda na kompyuta mlango umefungwa ni tapeli wa mtandaoni, na kumbe daftari lilikuwa kichwani mwake muda wote. Nililipa sukari yote siku moja.

Nawaonea huruma waliolikwepa swali hili kwa kujiita wajasiriamali. Neno hilo limekuwa shuka pana: amelala chini yake muuza karanga, na mwenye mabasi naye, miguu haionekani. Wengine wanajibu "napambana tu" au "mishemishe." Wanaachwa waende zao, na hawatapewa kazi ya bure maisha yao yote.

Lakini sifa inayonifanya nilipende swali hili kweli ni kwamba ndilo mwalimu wangu. Mwaka 2022, baada ya usiku wa sensa wa kuamkia Agosti 23, karani alifika kwetu akiwa na kishikwambi. Tukafika kwenye kazi. Nikamwambia, "Hayo maneno uliyoshika hapo, mimi nayaandika ya namna hiyo." Akakigeuza kishikwambi akakitazama mgongoni. Tukacheka, tukarudia upya, na mwisho akapata mahali pa kuniweka, sikuona ni wapi. Nilibaki nikiwaza jambo jingine. Kwa miaka watu wa lugha wametuletea tarakilishi, nasi tukaisikiliza kwa adabu kisha tukaendelea kusema kompyuta. Kishikwambi kilipokelewa haraka hata na mama zetu. Nadhani ni kwa sababu neno lile lilikuja kubisha hodi, mkononi mwa mtu, na kitu chenyewe kikiwa kimeshikwa. Tarakilishi ilikuja peke yake.

Tangu hapo kijiwe cha kahawa ndiyo ofisi yangu ya pili. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, nami nayaheshimu maneno yake, ila baraza halinywi kahawa nami saa kumi na moja jioni. Nikikwama kwenye neno, nasubiri niulizwe kazi yangu, na sisubiri sana. Siku moja nilikuwa na nywila, lile neno la kufungulia akaunti. Nikamweleza mzee mmoja kwamba simu itamwambia, "Weka nywila yako."

"Niweke nini?"

"Nywila, mzee wangu."

Akavua baraghashia. Kichwa kilikuwa kinang'aa kama mwamba wa kando ya Singidani baada ya mvua. "Kijana," akasema, "hizo nywele zenyewe ningekuwa nazo, ningeziweka kwenye simu?"

Nilirudi nyumbani nikaandika nenosiri. Anayenilipa hajui kwamba uamuzi ule ulipitishwa na mtu mwenye kipara, na sijamwambia, asije akataka kugawana malipo.

Hata hivyo mjuzi wa mambo haya ni bibi mzaa mama. Alikuja kliniki mwezi uliopita akalala kwangu siku tatu, akaniona nakaa, nabonyeza, nakuna kichwa, nabonyeza. Siku ya tatu akavunja ukimya.

"Mjukuu wangu, hii ndiyo kazi?"

"Ndiyo, bibi." Nikaanza: kuna simu, simu ina maneno, maneno yalikuja kwa Kiingereza, mimi nayaleta kwa Kiswahili ili mtu kama wewe uyaelewe. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hata mwenye duka hajawahi kulifanya.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayeisemesha simu Kiswahili."

Ningeweza kumwambia kwamba sauti ni ya watu wengine, yangu ni maandishi. Nikamtazama. Nikasema ndiyo.

"Afadhali. Basi kuna yule dada wa humo ndani. Nampigia mjomba wako, ananiambia hapatikani. Jana hapatikani, juzi hapatikani. Hapatikani mimi najua, ndiyo maana nampigia. Sasa wewe mwambie huyo dada awe anasema yuko wapi."