Unacho Nini, Unataka Nini

Mpwa wangu alipokuja Mikindani likizo aliniwekea programu ya kubadili vipimo kwenye kompyuta yangu kuukuu. Inaitwa Units. Skrini nyeusi tii, hakuna cha kubofya, unaandika tu. Salamu haina. Inauliza kwa Kiingereza: unacho nini? Ukijibu tu: unataka nini? Hata muuza dagaa mwenye haraka zake hukujulia hali kwanza.

Nikaijaribu. Maili moja, kilomita 1.609344. Haya. Pima moja ya wazungu, futi 6, ikanipa mita 1.8288. Marehemu baba alipima kamba za jarife kwa kutanua mikono, naye alikuwa mfupi. Waliouziwa kamba hizo wengi walilalamika.

Kisha nikaandika kibaba. Haikijui. Pishi, haiijui. Kangomba, ambayo mkulima wa korosho akiisikia hushika mfuko, haiijui pia. Lakini inamjua Smoot! Mwanafunzi wa Marekani ambaye mwaka 1958 wenzake walimlaza kwenye daraja la Mto Charles, wakamwinua, wakamlaza tena, hadi daraja likatimia Smoot 364 na ushei, na sikio moja. Basi kijana akawa kipimo: futi 5 na inchi 7.

"Ongeza mwenyewe, mjomba," mpwa akasema. "Kuna faili la vipimo vyako. Andika tu kibaba kimoja ni gramu ngapi."

Tu! Nikabeba kopo na mizani ya jikoni hadi dukani. Mke wangu akinunua unga hupewa kibaba cha tele, umesimama kama kichuguu. Mimi hupewa cha mfuto, kiganja kimepita juu na dole gumba limezama ndani. Siku hiyo nilipima mara nne, nikapata majibu manne, na mwenye duka akaniuliza kama nimetumwa na serikali.

Nikarudi, nikajaribu lita 20 za mchele kwenda kilo. Ikagoma: ujazo na uzito haviwiani. Mpwa akasema lazima kwanza niieleze lita moja ya mchele ina uzito gani. Mchele upi, mwanangu? Ulioanikwa, au ule wa juzi ulionyeshewa?

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi, maji yanachemka.

"Baba Zuhura, unga uko wapi?"

Nikatazama kopo. Mizani nimerudi nayo.