Ngeli za Wasomaji wa Marehemu McCandless

Kisa chenyewe kinajulikana. Mwezi wa Aprili 1992 Christopher McCandless, kijana wa Kimarekani wa miaka 24, aliingia peke yake katika nyika ya Alaska akiwa na mfuko wa mchele wa kilo nne na nusu, bunduki ndogo na vitabu. Akafanya makazi ndani ya basi bovu namba 142, lililotelekezwa porini. Septemba wawindaji wakamkuta humo ameshafariki, mwili umebaki na uzito wa kilo 30 hivi. Jon Krakauer akaandika habari zake kwenye jarida la Outside mnamo Januari 1993, kisha kitabu, Into the Wild, mwaka 1996. Tangu hapo wasomaji hawajaacha kugombana, na elimu inadai wapangwe.

Kuwagawa mafungu mawili, la shujaa na la mpumbavu, ni uvivu wa kitaaluma, maana msomaji mmoja aweza kuwa kwenye fungu hili asubuhi na lile baada ya chakula cha mchana. Kigezo chetu ni kimoja: ukimtajia mtu kisa hiki, yeye hutaja kitu gani kwanza?

Anayetaja ramani ni wa Ngeli ya Ramani. Wengi wao ni watu wa Alaska, pamoja na wale wote waliowahi kulala kwenye hema usiku mmoja. Hoja yao ni nzito. Mwezi wa Julai kijana aliamua kurudi mjini, akakuta mto Teklanika, aliouvuka Aprili bila taabu, umefura kwa maji ya barafu. Akageuka. Upande wa chini wa mto, mwendo usiofika hata nusu saa, palikuwa na kikapu cha alumini kilichoning'inia kwenye waya, cha watu wa kupima maji. Unapanda, unajivuta kwa mikono, unafika ng'ambo. Ramani nzuri ingemwonyesha. Hapo mwana-Ramani hunyamaza kidogo, aone kama umeelewa.

Ngeli ya Mbegu ni ya wapelelezi, na kiongozi wao ni Krakauer mwenyewe. Kwenye makala alisema kijana alikula mmea wa sumu akidhani ni ule unaolika. Kwenye kitabu akasema la, mmea ulikuwa sahihi, sumu ilikuwa ndani ya mbegu zake. Baadaye akashuku kuvu. Mwaka 2013 akaleta sumu nyingine, na 2015 nyingine tena, mara hii na wanakemia pembeni. Wengine husema kwa mkato kwamba alikufa njaa, lakini jibu fupi namna hiyo halimlazi usingizi mwana-Mbegu. Katika ngeli hii mna tawi dogo, la Nyama: kijana aliandika kwamba ameua muusi, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi, wajuzi wakacheka kwamba ni karibuu tu, jamaa yake mdogo, hajui hata alichokiua. Picha zake zikaja kuonyesha ni muusi kweli. Waliocheka walihamia kimyakimya Ngeli ya Ramani.

Ngeli ya Noti haitatuchelewesha. Hawa hukumbuka kwamba kabla ya safari zake alitoa sadaka dola 24,000, kisha akachoma fedha taslimu jangwani. Vijana hupumua kwa raha wakisoma hapo. Wenye mikopo hufunga kitabu.

Iliyobaki ni ngeli ambayo hupatikana kwa wingi sana huku kwetu, Ngeli ya Mama. Mpe mtu mzima wa Tanga au Mombasa kisa hiki, mweleze mto, sumu na basi, atasikiliza hadi mwisho, halafu atauliza: "Kwao walikuwa na habari?" Hawakuwa nazo. Wazazi walikodi hadi mpelelezi, wasimpate. Kwa mwana-Mama kesi imefungwa hapo. Mtoto anaondoka bila kuaga? Lakini mwaka 2014 dada wa marehemu, Carine, alitoa kitabu chake, The Wild Truth, akaeleza vipigo na uongo uliokuwa nyumbani kwao. Tangu kitoke, ngeli hii imepasuka: wapo wanaosema mzazi ni mzazi, na wapo wanaosema, kwa sauti ya chini wasisikiwe na wakubwa, kwamba hata wao wangeondoka.

Wapo pia waliotoka kwenye kusoma wakaenda kulitafuta basi. Wawili wamezama mtoni, mmoja 2010, mwingine 2019, na Juni 2020 serikali ya jimbo ikaliondoa kwa helikopta.

Hukumu yangu: Ngeli ya Ramani wana haki kuhusu mto, na dada ana haki kuhusu nyumba, na hakuna haki moja inayoifuta nyingine. Anayebisha na abishe, ila awe amesoma vitabu vyote viwili. Aliyeona tu filamu ya kisa hiki hana ngeli.