Rodo Amenuna Tena

Jana jioni Mama Neema alisimama dirishani, mikono kiunoni, akatazama nje kwa muda mrefu kama daktari wa zamu. Kisha akasema, "Baba Neema, Rodo amenuna tena."

Sikujibu. Mwanamume aliyezaliwa kihambani Marangu, akakulia kati ya migomba na mibuni, hajibu tuhuma za kichaka.

Rodo ni rododendroni tuliyemkuta uani tuliponunua nyumba hapa Tacoma. Jina lake refu lina asili ya Kigiriki, maana yake mti wa waridi, ilhali yeye na waridi hata ukoo hawachangii. Ndugu zake wa kweli ni ile miti ya erika unayoikuta kule Kilimanjaro, ukishavuka Mandara kuelekea Horombo. Ujanani nilikuwa mgumu, nikibebea watalii mizigo njia ile, na sijamwona hata siku moja mtu akiipalilia, akiimwagilia au akiiuliza imeamkaje. Inasimama kwenye upepo na ukungu, inaendelea na maisha yake.

Huyu wa kwangu ana cheo. Mwaka 1892 wanawake wa jimbo hili la Washington, ambao wakati huo hata gavana hawakuruhusiwa kumchagua, walimpigia kura rododendroni awe ua la jimbo, apate kuwawakilisha kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893. Mwaka 1959 akatiwa kwenye sheria. Ndiyo kusema ninaishi na mtumishi wa umma, na tabia zao mnazijua.

Ugomvi wetu ulianza na majivu. Kwetu majivu ya jikoni hayatupwi, yanakwenda mgombani, na mgomba unashukuru kwa mkungu. Basi baridi ya kwanza tuliota moto wa kuni, nikazoa ndoo nzima, nikamwagia Rodo shinani kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu anayemkaribisha mgeni chakula. Kiangazi kilipofika majani yalikuwa ya njano, imebaki mishipa tu ndiyo ya kijani.

Jirani yangu, ajuza wa Kimarekani mwenye marododendroni ya kukufuru, alikuja hadi kwenye uzio. "Umempa nini?" Nikamwambia. Alifumba macho kwanza, ndipo akanieleza: Rodo anataka udongo mchachu, pH kati ya 4.5 na 6, na udongo wa huku Mungu alishauweka mchachu bila kuombwa. Majivu yameuua ule uchachu. Madini ya chuma yamo ardhini tele, ila mizizi haiwezi tena kuyachukua. Yaani ana njaa na sahani iko mbele yake. Hapo nilielewa, maana nina shemeji wa namna hiyo.

Kwa kuona aibu nikaamua kulipa deni kwa jembe. Nilimpalilia vizuri, nikageuza udongo mpaka ukapumua. Kumbe mizizi yake ni myembamba kama nywele na imelala juujuu, na mimi nimeinyoa. Jirani akaja tena, safari hii bila hata kusalimu. Anafunikwa, hapaliliwi! Sasa namnunulia magome ya misonobari kwenye mifuko. Nalipa pesa kununua takataka za mti mmoja nikazimwage chini ya mti mwingine.

Oktoba nikampunguza matawi kwa mkasi, apate umbo. Hakuna aliyeniambia kwamba vichomozo vya maua ya mwakani huwa ameshavifunga tangu kiangazi. Masika ikapita, Rodo kijani tupu, kama mtu aliyevaa suti akasahau tai. Ikija baridi kali anakunja majani yote, kila moja limejiviringisha kama sigara na kuning'inia. Mara ya kwanza niliita familia tumzike. Kumbe anajikinga tu. Na mji huu unaosifika kwa mvua, Julai na Agosti hautoi hata tone, kwa hiyo jioni zote hizo niko uani na mpira wa maji, nikimnywesha mheshimiwa asiyeweza kutuma mzizi chini ukajitafutie.

Jumapili nikampigia mama kwa video. Nikageuza simu aone.

"Shikamoo mama. Huyu ndiye Rodo."

"Marahaba. Linaliwa?"

"Haliliwi, mama."

"Majani unawakatia mbuzi?"

"Wakila wanaweza kufa. Lina sumu. Hata asali ya maua yake inaweza kumlevya mtu."

Kimya. Nilidhani mtandao umekatika.

"Maua yako wapi?"

Hapo ndipo penye uchungu. Mwaka huu, baada ya magome, maji na heshima zote, Rodo amechanua, vishada vya zambarau vimejaa. Vyote upande wa pili wa uzio. Kwangu ameniachia kisogo.

Mama akacheka mpaka simu ikamponyoka. "Umemkosea mara ngapi huyo? Mpelekee isale, umwombe radhi."

Kwetu isale ndilo jani la kuombea radhi, na mama alikuwa anatania. Lakini Jumatatu nilipita duka la maua kununua magome, na pale kwenye rafu ya mimea ya ndani nikaliona: isale, lile lile tunalopanda mpakani mwa kihamba na kulisahau, limekaa kwenye chungu cheupe likiwa na bei ya dola 34. Nimelipa. Haliwezi kukaa nje, baridi italiua, kwa hiyo nimeliweka dirishani, limtazame Rodo. Limekuja na kikaratasi cha maelekezo ya kulitunza. Mimi, mtoto wa Marangu, nimekisoma mara mbili.