Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maji: Kuokoa Tumekubali, Tuletewe

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Maji House, Nairobi.

MINT: OMBI LA MAJI YA KUOKOA

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Turkana. Sisi hatujambo, na mbuzi waliosalia pia hawajambo.

Kila tarehe 22 Machi, Siku ya Maji Duniani, tunakumbushwa wajibu wetu wa kutunza maji. Tufunge bomba tunapopiga mswaki. Tusikae sana kwenye shawa. Gari tulioshe kwa ndoo, si kwa mpira. Ushauri huu tumeujadili kwa kina chini ya mti, na nina furaha kukuarifu kwamba umepita bila kupingwa. Mswaki wetu ni kijiti, hautaki maji. Shawa tumeiacha kabisa. Gari hatuna, lakini siku tukilipata tutaliosha kwa ndoo. Bomba nalo tumelifunga mapema sana, kabla halijaletwa.

Upande wetu basi kazi imekwisha. Limebaki jambo moja dogo la kiutaratibu, nalo liko mezani kwako: maji yenyewe ya kuokoa.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili aishi kama watu. Viwango vya dharura, vile vinavyotumika kwenye kambi za wakimbizi, vinataka angalau lita 15. Choo cha kuvuta, kama hicho kilicho ofisini kwako hatua chache kutoka mlangoni, humeza lita 6 hadi 9 kila mtu anapokivuta. Huku mtungi wa lita 20 uliobebwa kichwani kutoka laga, ule mto mkavu wa mchanga, ni wa nyumba nzima, na nyumba nzima ni watu wengi. Maji yaliyosuuza sufuria hayamwagwi, yana mwenyewe tayari: mwana-mbuzi anasubiri. Vibuyu vya maziwa hufukizwa moshi badala ya kuoshwa. Kiangazi kikikaza, shimo la maji mchangani huchimbwa chini zaidi, mpaka mchotaji anaingia ndani mzimamzima na kibuyu hupokezanwa kutoka mkono hadi mkono kupanda juu.

Ndiyo maana tunashangaa, kwa heshima, tunapoletewa wataalamu wa kutufundisha kubana matumizi. Tungependekeza mambo yageuzwe. Akina mama wa laga waalikwe hoteli moja ya Naivasha wawafundishe maofisa wako kwa siku tatu, walipwe marupurupu kama kawaida, na mada ya kwanza iwe zile chupa za maji ambazo kwenye warsha hufunguliwa, zikanywewa mafunda mawili, kisha zikaachwa mezani. Mama mmoja ninayemjua angeweza kuendesha kipindi hicho bila projekta.

Mada ya pili ingekuwa mabomba. Taarifa za WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji, zimekuwa zikieleza mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hayaingizi hata shilingi. Mengine huvuja ardhini, mengine huibwa, mengine hupita kwenye mita zilizokufa. Maji yakivuja Nairobi huitwa maji yasiyoingiza mapato. Huku mtoto akimwaga kikombe, huitwa kwa jina lake na mamaye akasikika vijiji vitatu.

Lakini sikuandika kulalamika. Nimeandika kukukumbusha akiba yetu.

Tarehe 11 Septemba 2013, Mheshimiwa, tulikuwa matajiri. Mtangulizi wako, Profesa Judi Wakhungu, akiwa pamoja na UNESCO jijini Nairobi, aliitangazia dunia kwamba setilaiti na rada zimegundua bahari ya maji chini ya ardhi yetu. Bonde la Lotikipi peke yake lilisemwa kuwa na mita za ujazo zaidi ya bilioni 200. Serikali ya Japani ilikuwa imegharimia utafiti. Magazeti ya dunia yakaandika kwamba maji hayo yangeitosha Kenya nzima kwa miaka 70. Kumbuka kwamba Machi 2012 mafuta yalikuwa yamegunduliwa Ngamia 1, upande wa Lokichar. Kwa hiyo katika muda wa miezi 18 tuligundulika mara mbili, sisi ambao tangu ukoloni tulikuwa tukipatikana tu kwenye habari za njaa.

Wazee walisikiliza redio wakatazamana. Walikuwa wamelala juu ya maji hayo maisha yao yote, na hakuna aliyewahi kulowa.

Baadaye visima vya kupima vilipochimbwa Lotikipi, maji yalionjwa. Yalikuwa na chumvi kupita kiasi. Kuyasafisha kunawezekana, lakini kunataka mitambo, umeme na fedha, vitu ambavyo havikuonekana kwenye picha za setilaiti. Habari hiyo haikupata mkutano wa kimataifa. Haki isemwe pia: hifadhi ndogo zaidi iliyo chini ya Lodwar ni tamu kuliko hiyo, na watu wa mji wanainywa. Ila udogo wake ndio ulioiponza, kwa sababu kisima kinachomtosha mtu wa Lodwar hakiwezi kuwa kichwa cha habari London.

Mafuta yenyewe yalikuwa na bahati zaidi. Juni 2018 Rais wa wakati huo alikuja mwenyewe kuyaaga malori ya kwanza ya mafuta ghafi yakienda Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Tulijifunza kwamba kumbe kitu kioevu kinaweza kusafirishwa kutoka Turkana hadi pwani serikali ikitaka. Hatuna kinyongo. Tunauliza tu kama kuna sheria ya fizikia inayozuia kioevu kingine kusafiri hata kilomita 40 tu kuja huku.

Usije ukadhani hatuthamini tulichonacho. Tunalo Ziwa Turkana, kubwa kuliko maziwa yote ya kudumu ya jangwani duniani. Wageni hulipiga picha na kutuuliza tunalalamikia nini. Ziwa lile halina mto wa kulitoa maji. Yakishaingia, njia ya kutoka ni kugeuka mvuke kwa jua tu, na chumvi na floraidi hubaki. Ukitaka kujua floraidi ni nini, hakuna haja ya maabara, mwombe kijana wa ufukweni acheke uyaone meno yake.

Zaidi ya asilimia 80 ya maji ya ziwa hilo huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III, lenye ukuta wa mita 243, lilizinduliwa Desemba 2016. Tukaambiwa ziwa litanywea. Mwaka 2018 UNESCO ikaziingiza mbuga za ziwa hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Nasi tukajitayarisha kuomboleza. Mara mvua kubwa za 2019 na 2020 zikanyesha kwenye nyanda za juu, ziwa likafura, likameza nyumba na malisho ya ufukweni. Kisha tangu mwishoni mwa 2020 mvua zikakataa misimu 5 mfululizo, mifugo ikafa. Mheshimiwa, wapo majirani zangu waliofukuzwa na maji, wakahamia mahali ambapo hakuna maji. Sijui fomu ya msaada ya kujaza hapo ni ya mafuriko au ya ukame. Afisa niliyemuuliza naye hakujua.

Tumejaribu kufuata ngazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne linagawa kazi: rasilimali za maji ni za serikali kuu, huduma za maji ni za kaunti. Huu ni mpango mzuri sana kwa sababu kila mlango una mtu wa kukuelekeza mlango mwingine. Kisima kikiwa bado ni ahadi, kina wenyewe wengi, na kila mmoja hutaka jina lake liandikwe kwenye kibao. Kikishaharibika huwa yatima.

Hapo ndipo penye ombi langu hasa, na nakusihi usiliruke.

Jangwa hili limejaa vibao. Kila kibao kina jina la mfadhili, bendera, na mwaka wa uzinduzi. Chini ya kibao pana pampu, na pampu nyingi ninazozijua hazikuuawa na ukame. Ziliuawa na kipande cha mpira, au mnyororo uliokatika, au waya wa sola uliotafunwa. Maji yapo chini, watu wapo juu, na katikati pana kifaa kilichokosa fundi. Pampu ya mkono ya Afridev ilibuniwa miaka ya 1980, ikajaribiwa Kwale, kwa nia hasa kwamba wanakijiji waweze kuifungua na kuikarabati wenyewe. Wazo zuri. Ila mwanakijiji hafyatui mpira kutoka hewani, na duka la vipuri liko mwendo wa siku nzima. Huko huko Kwale, na Kyuso kule Kitui, watafiti walifunga vifaa vya kutuma ujumbe kwenye mipini ya pampu, mafundi wakawekwa tayari, na muda wa pampu kukaa imekufa ukashuka kutoka karibu mwezi mzima hadi chini ya siku 3. Hakuna setilaiti iliyotumika. Ilikuwa simu, spana, pikipiki na mtu anayelipwa mwisho wa mwezi.

Najua tatizo la mpango huo. Hauna utepe. Waziri hawezi kusafiri kwa ndege mpaka Lodwar kuzindua mpira wa pampu. Hakuna jiwe la msingi la spana. Bajeti ya matengenezo haina mtu wa kuipigia makofi, ndiyo maana kila mwaka hupunguzwa ili kisima kipya kichimbwe mita chache kutoka kilichokufa, nacho kipate kibao chake.

Sisi tumelifikiria na tumepata suluhisho linalolinda heshima ya pande zote. Kuanzia sasa, kila pampu itakayokarabatiwa itangazwe kuwa ni ugunduzi. Njoo na kamera. Sema wataalamu wamegundua maji mengi mita 60 chini ya ardhi, mahali pale pale yalipogunduliwa mwaka 2009 na tena 2015. Sisi tutapiga makofi na kushangaa kama mara ya kwanza, uzoefu tunao. Utepe tutautoa wenyewe, na ukishakatwa tutaufunga tena kwa ajili ya pampu inayofuata. Ukitaka kibao kipya, chuma cha vibao vya zamani kipo kingi, mchomeleaji wa Lodwar atabadilisha jina na tarehe tu.

Msafara wako kwa kawaida huwa na magari kumi au zaidi. Tunaomba moja tu, hata lile la mwisho linalokula vumbi la wenzake, lipakie mipira ya pampu, minyororo, waya na fundi mmoja ambaye hatarudi nalo jioni.

Wako mtiifu,
Mkazi wa kando ya laga, Turkana.

Nakala kwa: Serikali ya Kaunti, ili nayo ipate nafasi ya kujibu kwamba barua hii ilipaswa kupelekwa kwako.