Sifa za Kijinzi cha Vyunguni

Simba ana majigambo yake, tausi ana watunzi wake, hata papa hajakosa wa kumsifia. Lakini yule kijinzi mweusi anayewapitia watu mbele ya pua jijini London mwezi wa Januari, madirisha yamefungwa na hita imewashwa, hajawahi kuambulia hata asante.

Ana urefu wa milimita 3 hivi, na wataalamu wamemweka katika ukoo wa Sciaridae. Asichanganywe na usubi wa kandokando ya mito, yule aumaye na kuambukiza upofu. Huyu haumi, hanyonyi damu, wala hamwimbii mtu sikioni usiku kama mbu. Kuruka kwenyewe hakujui sawasawa. Huyumbayumba kama aliyetoka kilabuni, mara atue ukingoni mwa kikombe cha chai, mara ndani ya chai yenyewe. Hasara yake kwa binadamu, ukihesabu vizuri, ni kijiko kimoja cha kumwopolea.

Kazi yake ni ukaguzi wa vyungu vya maua. Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na mwanga unaofika dirishani ni wa kudokoa. Mmea hupunguza kukua, na kiu nayo hupungua. Mwenye nyumba, kwa mapenzi yake, haachi kumimina jagi lile lile la kila Jumamosi alilozoea tangu Julai. Udongo hushinda na kukesha chapachapa, kuvu huota, na kijinzi jike, asiyengoja kadi ya mwaliko, hutaga humo mayai mia na zaidi. Baada ya wiki tatu au nne ukaguzi una wafanyakazi wapya, wote wa kujitolea.

Wa kwanza kumshukuru angekuwa saintpaulia, ua la zambarau linalopendwa madirishani Ulaya, ambalo kwao ni Tanga. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona pande za Usambara, likapelekwa Ujerumani na kupewa jina lake, kana kwamba wenyeji walikuwa wakilipita wamefumba macho. Porini humea kwenye nyufa za miamba, kivulini, maji yakipita tu na kwenda zake. London hukalishwa kwenye kisahani kilichojaa maji. Mizizi ikioza, majani hulegea. Mwenyewe akiyaona yamelegea hudhani ni kiu, akaongeza jagi jingine. Ua halina mdomo. Ndipo kijinzi anapoinuka udongoni na kwenda kuripoti moja kwa moja puani mwa mhusika.

Wachongezi husema watoto wake hula mizizi. Weka kipande cha kiazi mbichi juu ya udongo, kiache siku mbili, kisha kigeuze: utawakuta hapo, vifunza vyembamba, mwili kama uzi wa kioo, kichwa cheusi kinachong'aa. Chakula chao hasa ni kuvu na majani yaliyooza. Mizizi michanga huionja pia, lakini ni mkaguzi gani asiyeonja chochote kazini?

Malipo yake ni kadi zenye gundi, za manjano kwa sababu manjano humvuta. Wengine humwaga bakteria waitwao Bti, aina ile ile ambayo kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, huitumia kutengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu. Kiumbe asiyeuma kuelekezewa silaha ya mbu wa malaria ni heshima isiyo ndogo.

Na yote hayo wakati kidole kingetosha. Kikichomekwa udongoni na kutoka na tope, jagi lirudi kabatini. Sentimita mbili tatu za juu zikikauka, mayai hukosa unyevu na kizazi hukatika. Mkaguzi hufunga ofisi bila kudai kiinua mgongo, na wa mwisho wao hufia pale alipopenda kutua siku zote, kwenye chai ya maziwa, ingali moto.