Mwongozo wa Mwenye Skrini Mbili

Hongera kwa skrini ya pili. Najua umeinunua kwa ajili ya kazi. Kila anayenunua skrini ya pili huinunua kwa ajili ya kazi, na mhasibu aliyesaini hati ya malipo aliambiwa hivyohivyo. Kwa hiyo hatutaulizana hapa kwa nini ripoti iko kwenye skrini ndogo na mechi iko kwenye kubwa.

Anza kwa kuchomeka waya na kutosoma chochote. Kompyuta itakisia kwamba skrini mpya iko kulia. Wewe umeiweka kushoto, maana kulia kuna dirisha na jua la saa tisa alasiri. Kompyuta haina macho. Tangu siku hiyo ukisukuma mshale kushoto unagonga ukuta, ukiusukuma kulia unatokea kushoto, na wapo watu wazima wenye familia wanaoishi hivyo mwaka wa tatu sasa. Wasio na subira hubofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, wakafungua mipangilio ya skrini, wakakuta visanduku viwili vyenye namba, wakakiburuta cha 2 hadi upande wa pili wa cha 1. Hiyo ni kazi ya nusu dakika, ndiyo maana haifanyiki. Ukiwa papo hapo, vilinganishe visanduku kwa kimo pia. Kimoja kikikaa juu kuliko mwenzake, mshale utakwama pembeni, nawe utaulaumu mkono.

Usishangae dirisha likivuka mpaka wa skrini likanenepa ghafla. Laptopu yako huenda inakuza maandishi kwa asilimia 150, na skrini uliyoipata Kariakoo kwa bei ya kirafiki inayaonyesha kwa asilimia 100. Kila moja ina haki kwa upande wake. Asilimia hizo zinabadilishwa palepale penye visanduku, kila skrini na yake.

Sasa tuingie kwenye maeneo ya kazi, yaani zile meza za kufikirika ambazo kompyuta hukupa nyingi kadiri utakavyo: moja ya barua pepe, moja ya hesabu, moja ya mambo ambayo hatutayataja. Mwaka 1986 Austin Henderson na Stuart Card, watafiti wa Xerox PARC huko California, waliandika kuhusu mfumo wao walioupa jina Rooms. Walikuwa wameona kwamba mtu hafanyi kazi na dirisha moja moja bali na kundi la madirisha kwa kila shughuli, na skrini ilivyo ndogo makundi hayo hugombania nafasi. Wakaipa kila shughuli chumba chake, wakaweka milango ya kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na hata mifuko ya kubebea dirisha unalotaka likufuate kila uendako. Ni fikra safi, na karibu kila ulichonacho leo kimo mle.

Lakini skrini zikiwa mbili linazuka swali: ukipita mlangoni, zinahama zote au inahama moja? Hapo mafundi wa dunia hawakuelewana, na kutoelewana kwao wamekuletea wewe mezani.

Windows ni nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015, ukishika Windows, Ctrl na mshale wa kulia, unabadilisha eneo la kazi kwenye skrini zote kwa mpigo. Ulitaka kubadilisha ya kushoto tu, ile ya kulia ibaki na jedwali unalonakili tarakimu zake? Pole, chumba kimoja kikizima nyumba nzima giza. Dawa ipo na wengi hawaijui. Bonyeza Windows na Tab, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya dirisha husika, kisha chagua lionekane kwenye maeneo yote. Ile mifuko ya 1986 ndiyo hiyo, imefichwa ndani ya menyu.

Apple nao walianza na mita moja. Maeneo ya kazi yaliingia kwenye Mac mwaka 2007, na skrini zote zikawa zinahama pamoja. Mwaka 2011 wakaongeza jambo la kukumbukwa: ukiifanya programu moja ijaze skrini, ile ya pili ilikuwa haionyeshi kitu ila mchoro wa kitambaa cha kijivu. Mtu kalipia skrini mbili, kapewa moja na pazia. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 2013, katika toleo la Mavericks, kila skrini ikapewa mita yake ya LUKU. Gharama ya uhuru huo ni kwamba dirisha haliwezi tena kutandazwa nusu huku nusu kule. Ukitaka hilo, nenda kwenye mipangilio uzime utengano, kisha utoke na uingie upya. Ukisahau kuhifadhi kazi kabla ya kutoka, usinitaje.

Kwenye Linux kila nyumba, yaani kila programu ya kupanga madirisha, ina katiba yake. GNOME, usipoigusa, hubadilisha skrini kuu peke yake na kuiacha ya pili ilivyo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tabia ya kiungwana kuliko zote, maana barua pepe hukaa pembeni na kazi hupita mbele yako, ingawa anayekuja kutoka Windows huapa kwamba skrini yake ya pili imeganda. Katika i3 kila eneo la kazi lina skrini yake, na ukiliita, macho yako ndiyo yanayolifuata huko liliko. Katika xmonad ukiliita linakuja ulipo, na kama lilikuwa linaonekana kwenye skrini nyingine, yale mawili yanabadilishana nafasi. Watumiaji wa hizi mbili za mwisho watakueleza kwa furaha ipi ni bora. Usiwaulize karibu na muda wa kwenda nyumbani.

Turudi kwenye Windows, ambako dirisha lililopotea ni somo lake peke yake. Umechomoa waya, umekwenda zako kwa mteja, unafungua programu na programu inasema imefunguka, alama yake iko pale chini, ila dirisha halionekani. Programu nyingine hukumbuka mahali zilipofungwa, na mahali penyewe ni skrini iliyobaki ofisini. Usiizime kompyuta kwa hasira. Shika Windows na Shift, gonga mshale wa kushoto au wa kulia, huenda likarudi. Likigoma, bonyeza Alt na kitufe cha nafasi, kisha herufi M, kisha mshale wowote mara moja, halafu sogeza kipanya: dirisha litaibuka likiwa limeng'ang'ania ncha ya mshale. Fanya hivyo mbele ya mteja bila kusema neno, na ankara yako haitajadiliwa.

Kuhusu vikao, kumbuka Windows na P. Hapo kuna njia nne: skrini ya kompyuta tu, picha moja kwenye zote mbili, upana ulioongezwa, na skrini ya pili tu. Mwongozo huu unakushauri uchague bila kufikiri, kama wafanyavyo wote, kisha umuulize aliyekaa karibu na projekta, "Mnaona?" Ukiangukia upana ulioongezwa, wajumbe wataona picha ya mandhari yako ya kompyuta na wewe utaona mada yako, na mtaendelea hivyo hadi mwenyekiti akohoe. Hatari zaidi ni PowerPoint inapogeuza pande, ukumbi ukasoma maelezo uliyojiandikia chini ya slaidi. Kama uliandika "hapa usitaje deni", deni limeshatajwa.

Imebaki ile meza ya mambo yasiyotajwa. Wengi huamini kwamba bosi akitokea, Windows, Ctrl na mshale vinatosha. Vinaficha dirisha, havifichi sauti. Mtangazaji wa Simba na Yanga ataendelea kupaza sauti kutoka eneo la kazi usilolionyesha, nawe ukilikodolea macho jedwali la mishahara kwa uso wa msiba. Ujumbe wa WhatsApp nao hauulizi uko meza ipi, utajitokeza pembeni kwa jina la mtumaji na maneno yake ya kwanza. Na bosi akikuomba ubonyeze Windows na Tab umtafutie ripoti, meza zako zote zitajipanga mstari mmoja, kila moja na kijipicha chake na jina lake. Kijipicha huwezi kukizuia, funga dirisha mapema. Jina ni hiari yako, na meza hiyo usiiite Mpira. Iite Marejesho ya VAT, hakuna atakayeomba ifunguliwe.