Kuondoka Pasi na Kuaga

Waliotunga USB mwaka 1996 walikuwa wamekwisha mjua mwanadamu, kwani katika kile kichwa chake bapa walizifanya pini za umeme kuwa ndefu kuliko za data, ili mtu akikichomoa chombo kwa pupa, mazungumzo yakatike kwanza na umeme uwe wa mwisho kutoka.

Hawakumjua, hata hivyo, shemeji yangu, mtu karimu ambaye hatoki nyumbani kwa watu bila kumuaga kila aliyemo, hata paka, lakini ambaye flashi huing'oa mara tu mstari wa kijani unapojaa. Alipokabidhiwa orodha ya michango ya harusi ya mpwa wetu, yenye majina ya walioahidi na kiasi cha kila mmoja, aliihamisha (laiti angeinakili tu!) kutoka katika kompyuta ya steshenari iliyotumia Linux, akachomoa, akashika njia. Wala simlaumu, maana hakuna aliyemwambia kwamba keneli, kiini cha mfumo endeshi, huyapokea maandishi ikayaweka kwanza katika kumbukumbu yake, na kwa desturi huweza kuyakalisha humo yapata sekunde 30 kabla ya kuyapeleka flashini. Jina la faili tulilikuta. Ndani hamkuwa na herufi. Habari ikazagaa mtaa mzima kabla ya adhuhuri, na kila mdaiwa akakumbuka, tena kwa yamini, kwamba alikwisha lipa.

Huo ni msiba wa mwenye flashi. Mwandishi wa draiva, yaani programu inayokiendesha chombo, ana wake, nao ni mzito zaidi, kwa kuwa chombo kikitoweka ziko programu ambazo bado zimekishika na hazina habari. Mali ya marehemu haigawanywi hata madeni yake yalipwe; na draiva yenye adabu huihesabu kila programu iliyo na dai, huyakataa maombi mapya kwa jibu la ENODEV, yaani chombo hakipo, kisha humngoja mdai wa mwisho aondoke ndipo iiachilie kumbukumbu. Isiyo na adabu hugawa mirathi siku ya mazishi, na programu iliyochelewa ikija kudai chake huingia chumba kilichokwisha pangishwa, ikachora kuta za watu, hata mfumo mzima ukaanguka, pengine saa nzima baadaye, na fundi asiyehusika akatukanwa.

Kadi za PCI, zile zipachikwazo katika kompyuta, ndizo zenye kioja. Draiva ikiisoma rejista ya kadi iliyokwisha chomolewa, haipati kimya bali biti zote zikiwa moja, ambazo katika rejista ya biti 32 ni 4,294,967,295, kwa hiyo kila swali hujibiwa ndiyo: uko tayari? ndiyo, una hitilafu? ndiyo, umemaliza? ndiyo, na draiva isiyoshuku huweza kungoja biti moja igeuke sifuri hadi kiyama.

Nilipomsimulia shemeji haya, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama kadi hiyo nayo iliahidi mchango.